Twiga wa Malindi alifikaje China mwaka 1415, na mwaka huo kulikuwa na nini kingine duniani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kuna klipu inazunguka inasema mwaka 1415 meli za Wachina zilikuja Malindi zikabeba twiga zikampelekea mfalme wao, na wanaonyesha mpaka mchoro wa huyo twiga. Ni kweli au stori za intaneti tu? Na kama ni kweli mbona shuleni mwaka huo hatujawahi kuusikia, kwani duniani kulikuwa na nini kingine? Na huku kwetu kuna chochote kimebaki mtu anaweza kwenda kukiona?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali zuri, na afadhali umeuliza kabla hujaishea.

Twiga ni kweli kabisa. Kumbukumbu za utawala wa Ming zinaye, tarehe 10 Oktoba 1415 ukiipeleka kwenye kalenda ya Ulaya ya wakati ule, ujumbe kutoka mji wanaouandika Malin, na wanahistoria wengi wanasoma hapo ni Malindi, ukamkabidhi mfalme Yongle mnyama ambaye Wachina walimpokea kama qilin, yule mnyama wao wa kwenye hadithi za kale ambaye akionekana tu maana yake nchi ina mtawala mwema. Mwili wa paa, mkia wa ng'ombe, na pembe zilizofunikwa ngozi zisizodhuru mtu, basi walipomwona twiga wakasema ndo huyu huyu, tumempata.

Ila hiyo klipu imechemka sehemu mbili, na ya pili ndo kubwa.

Ya kwanza ni ule mchoro. Ule siyo wa twiga wa Malindi. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1414, alifika twiga mwingine kama zawadi kutoka kwa sultani wa Bengal (Bangladesh na mashariki mwa India ya leo), na huyo ndo aliyechorwa, alafu Shen Du, msomi wa ikulu aliyekuwa anasifika kwa mwandiko, akamwandikia shairi refu la sifa. Nakala za mchoro ule zipo mpaka leo, mojawapo Taipei na nyingine Philadelphia, unamwona twiga na shingo yake na pembeni kuna mtu kashika kamba. Sasa Bengal hakuna twiga, hajawahi kuwepo, kwahiyo hata yule alitoka Afrika akapita mikono ya wafanyabiashara mpaka akafika kwenye zizi la sultani, na sultani naye akamgeuza zawadi. Kwa hiyo kwa namna fulani wote wawili ni wa huku, ila mwenye picha ni wa 1414 na wa Malindi hana picha, masikini.

Ya pili ni hii habari ya kwamba Wachina walikuja kumchukua. Hapo ndo watu wengi wanageuza mambo juu chini. Zheng He, yule amiri wa meli, Mwislamu mzaliwa wa Yunnan aliyehasiwa akiwa mtoto na kukulia kwenye nyumba ya Yongle, alifanya safari 7 kati ya 1405 na 1433. Ile ya 4 ilipangwa kwenda mpaka Hormuz kwenye mlango wa Ghuba ya Uajemi, meli zaidi ya 60 na watu kama 28,000, na ilirudi China tarehe 12 Agosti 1415. Pwani yetu, yaani Mogadishu, Barawa na Malindi, inakuja kutajwa kwenye safari ya 5, ile ya 1417 mpaka 1419, na moja ya kazi za safari hiyo ilikuwa kuwarudisha makwao mabalozi waliokuwa wamefika China na zawadi zao. Umeona mpangilio ulivyo? Twiga kwanza, meli baadaye. Inaelekea watu wa Malindi ndo waliosikia kwamba kuna mfalme huko mashariki anapenda wanyama wa ajabu na ana mali ya kumwaga, wakapiga hesabu zao za biashara, wakamfungasha twiga wakaenda kubisha hodi wenyewe. Hiyo kwangu ni stori nzuri zaidi kuliko ya kwenye klipu, na sielewi kwa nini kila mara lazima sisi tuwe watu wa kukaa ufukweni kusubiri mgeni.

Na hebu fikiria kazi yenyewe. Kutoka Malindi kwenda upande wa India au Hormuz unasubiri kusi, kaskazi inakurudisha tu ulikotoka, na hata hiyo kusi katikati yake Juni na Julai bahari inakuwa mbaya kiasi kwamba bandari za pwani ya magharibi ya India zilikuwa zinafungwa, kwahiyo unatoka mwanzoni mwa msimu au unasubiri mwishoni. Ukifika India unabadilisha chombo, unasubiri upepo mwingine wa kukupitisha mlango wa Malacca, alafu mwingine tena wa kukupandisha kusini mwa China. Ukiunganisha hizo pepo zote, mimi kwa hesabu yangu sioni twiga akifanya safari hiyo ndani ya msimu mmoja kwa raha, lazima alikaa miezi kwenye mazizi ya bandari za watu akila majani asiyoyajua. Twiga mkubwa anafika mita 5, kwahiyo bila shaka alipakiwa akiwa mdogo, na bahati nzuri ni mnyama anayeweza kukaa siku kadhaa bila kunywa maji maana anayapata kwenye majani. Lakini majani hayo kuna mtu alikuwa anayakata, kuna mtu anamfunga bahari ikichafuka, kuna mtu anajua hapa kaugua na hapa kanuna tu. Huyo mtu wa pwani jina lake halikuandikwa popote, walioandikwa ni wafalme.

Kwa nini Yongle alifurahi namna ile, hilo nalo lina siasa ndani yake. Jamaa hakurithi kiti kihalali, alikipindua kwa vita mwaka 1402, akamtoa mpwa wake, mtoto wa kaka yake. Sasa mtawala wa namna hiyo anahitaji mbingu zimpigie kura, si ndiyo? Twiga wa Bengal alipofika mawaziri walitaka kumwandikia pongezi rasmi akakataa, akasema nchi ikitulia inatosha. Huyu wa Malindi alipoletwa, pamoja na wanyama wengine walioitwa farasi wa mbinguni (wengi wanadhani ni punda milia) na paa wa mbinguni, Yongle alitoka mwenyewe mpaka kwenye lango la kasri kuwapokea, alafu akasema sifa zote ni za marehemu baba yake na za mawaziri wanaomsaidia. Mwanasiasa kamili yule, anapokea huku anakataa.

Sasa nije kwenye swali lako la pili maana hapo ndo mwaka 1415 unanoga. Nimekwambia meli za Zheng He ziliingia nyumbani 12 Agosti. Siku iliyofuata tu, tarehe 13, mfalme Henry V wa Uingereza alifika na meli zake pwani ya Ufaransa karibu na mji wa Harfleur. Na tarehe 21 ya mwezi huohuo mfalme João I wa Ureno alishusha jeshi Ceuta, kaskazini mwa Morocco. Misafara mitatu mikubwa ya bahari kwa wakati ule, ndani ya siku 9, mmoja unarudi na miwili inakwenda, na hamna anayejua habari za mwenzake upande wa pili wa dunia. Tena hiyo ya Ulaya miwili ni mambo ya ukoo mmoja, maana malkia wa Ureno, Philippa wa Lancaster, alikuwa dada yake Henry IV wa Uingereza, kwahiyo shangazi yake Henry V. Wale wana wa mfalme wa Ureno na Henry V ni mtu na mtoto wa shangazi yake.

Vita vya Henry V ndo vinavyojulikana kuliko vyote, manake Waingereza wana namna yao ya kuhakikisha hamsahau. Aliizingira Harfleur mpaka ikasalimu amri mwezi Septemba, jeshi lake likapukutika kwa kuhara damu, akaamua kutembea kwenda Calais kabla hawajaisha wote, Wafaransa wakamkatia njia, na tarehe 25 Oktoba pale Agincourt wapiga upinde wake wakawamaliza mashujaa wa Ufaransa waliokuwa wamejaa vyuma mwilini wakizama kwenye shamba lililolimwa na kunyeshewa usiku kucha. Mfalme wa Ufaransa mwenyewe, Charles VI, hakuwepo, alikuwa na ugonjwa wa akili, kuna vipindi aliamini mwili wake ni wa kioo na akiguswa atavunjika. Henry akaamuru na mateka wengi wauawe hapohapo, jambo ambalo kwenye kusifia huwa linapitwa haraka. Duke wa Orléans aliyetekwa siku hiyo alikaa Uingereza miaka 25 akitunga mashairi. Ni vita kubwa, sikatai, lakini kwetu haikugusa kitu chochote, hata Ufaransa kwenyewe mwisho wa siku Waingereza waliondolewa.

Ile ya Ceuta ndo naomba uisome mara mbili.

Ceuta ulikuwa mji wa Waislamu wenye bandari pale mlango wa bahari wa Gibraltar, moja ya sehemu zilizokuwa zikipokea dhahabu ya misafara ya Sahara. Al-Idrisi, yule mwanajiografia aliyeitaja Malindi na Mombasa kwenye kitabu chake cha 1154, inasemekana alizaliwa hapo. Tanja ya Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, iko jirani tu. Yaani watu wa kona ile ya dunia walikuwa wanatujua zamani sana, kwa kusafiri na kwa kusoma.

João I alijiandaa kwa siri, akatangaza ugomvi wa uongo na mtawala wa Holland ili majirani wasishtuke wakiona meli zinajaa Lisbon. Siku chache kabla ya kuondoka malkia Philippa akafa kwa tauni, tarehe 19 Julai, watu wakadhani safari imekufa naye lakini wapi, tarehe 25 wakang'oa nanga, meli kama 200. Kule baharini upepo na mikondo ikawatawanya, sehemu ya meli ikasukumwa mpaka upande wa Málaga, na gavana wa Ceuta, Salah ben Salah, akaona hawa wameshindwa, akawaruhusu watu wa bara waliokuja kumsaidia warudi makwao. Kosa hilo. Wareno wakajipanga upya wakarudi, na kwa siku moja tu mji ukawa umeanguka. Ndani ya nyumba na maduka wakakuta mali ambayo wengi wao hawajawahi kuiona kwa wingi ule, pilipili manga, mdalasini, vitambaa. Na ile pilipili manga ilitoka India, ikavuka bahari hii hii yetu, ikapita Bahari ya Shamu na Misri kwa mikono ya Waarabu na Wagujarati na wengine, mpaka ikafika kwenye shelfu la mwarabu wa Ceuta. Msikiti mkuu ukafanywa kanisa, na humo wana watatu wa mfalme wakavishwa upanga wa ushujaa, Duarte, Pedro na Henrique.

Huyo Henrique alikuwa na miaka 21. Ndiye wanayemwita Henry wa Mabaharia.

Kilichofuata ndo cha kuchekesha kama siyo cha kuhuzunisha. Wareno waliushika mji lakini biashara ikawakimbia, misafara ikahamia Tanja na kwingine, wakabaki na ngome ya kulisha askari kwa hasara. Ukitaka dhahabu na viungo na njia ya nchi kavu imeshikwa na wenyewe, unafanyaje? Unazunguka kwa maji. Henrique akaanza kulipia meli za kushuka pwani ya Afrika magharibi, wakavuka rasi ya Bojador mwaka 1434, wakaendelea kidogo kidogo hata baada ya yeye kufa, Dias akazunguka ncha ya kusini 1488, na Aprili 1498 Vasco da Gama akatia nanga wapi? Malindi. Miaka 83 baada ya Ceuta. Malindi kwa ugomvi wake na Mombasa ikampokea vizuri, ikampa na mtu wa kumwonyesha njia ya Calicut kule India. Mwaka 1505 Kilwa na Mombasa zikashambuliwa na kuporwa. Kwahiyo ukiniuliza mimi tukio la 1415 lililobadilisha maisha ya mtu wa pwani yetu ni lipi, nitakwambia siyo twiga na siyo Agincourt, ni siku moja ya Agosti kwenye mji ambao wengi wetu hatuwezi kuuonyesha kwenye ramani. Mji wenyewe mpaka leo haujarudi Morocco, uko chini ya Hispania.

Na usiniulize kwa nini Wachina hawakuwazuia. Yongle alikufa 1424, waliomfuata wakaona safari zile ni gharama tupu na mpaka wa kaskazini una Wamongolia, ikafanyika moja ya mwisho ikaisha 1433 basi. Da Gama anafika huku hajakuta meli yao hata moja.

Kuna la tatu la mwaka huo sipendi kuliruka kwa sababu lina watu wake hapa kwetu. Kanisa la Ulaya wakati ule lilikuwa na mapapa watatu kwa mpigo, kila mmoja anamlaani mwenzake, wakaitisha mkutano mkuu mjini Konstanz. Mwezi Machi 1415 mmoja wao, John XXIII, akajibadilisha mavazi akatoroka usiku, akakamatwa akavuliwa cheo mwezi Mei (ndo maana jina lilelile likaweza kutumika tena na papa wa 1958, huyu wa kwanza hahesabiki). Mwingine, Gregory XII, akajiuzulu tarehe 4 Julai. Wa tatu akagoma mpaka akaondolewa 1417. Katikati ya vurugu hizo wakamwita Jan Hus, padri na mwalimu wa chuo kikuu cha Praha, aliyekuwa anahubiri kwa lugha ya watu wake na kusema wazi kuhusu uuzaji wa rehema, yaani kanisa kuwauzia watu msamaha wa adhabu za dhambi. Mfalme Sigismund alimpa barua ya ulinzi kwamba atakwenda salama na kurudi salama. Hakurudi. Tarehe 6 Julai 1415 wakamchoma moto akiwa hai, na majivu wakayamwaga mto Rhine ili wafuasi wasipate cha kuzika. Haikusaidia, Bohemia, nchi yake (Czech ya leo), ililipuka vita, na kutokana na wafuasi wake mwaka 1457 ukaanza umoja wa ndugu ambao leo tunauita Kanisa la Moravian. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na leo ukienda Mbeya au Tabora unawakuta kila kona. Kwahiyo rafiki yako Mmoravian muulize kuhusu 1415, anaweza kukupa shule kuliko mimi.

Kuhusu kwa nini shuleni hamkuusikia: mitaala mingi inapita pwani yetu kwa kurukaruka, inagusa Ibn Battuta 1331 alafu inaruka moja kwa moja mpaka da Gama 1498 kana kwamba katikati watu walilala. Wakati katikati hapo ndo Songo Mnara na Gedi zilikuwa zimechangamka, nyumba za mawe zinajengwa, watu wanakula kwenye bakuli za kauri za China na kuvaa nguo za Gujarat.

Na hapo najibu swali lako la mwisho. Anza na Gedi, iko karibu na Watamu, kusini kidogo ya Malindi, mwaka 2024 iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Wengi wanakimbilia kupiga picha kwenye mlango wa jumba la mfalme, wewe ingia kwanza kwenye makumbusho yake uangalie vigae vya kauri za China, zile za kijani na zile nyeupe zenye bluu. Vilifika kwa biashara ya kawaida, vingine kabla hata Zheng He hajazaliwa. Ukitoka hapo nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, kuna kaburi la mnara ambalo lilipambwa kwa bakuli za China zilizopachikwa kwenye chokaa. Karibu na Mambrui hapohapo wanaakiolojia wa Kenya na China walichimbua mwaka 2010 sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati na jina la Yongle mwenyewe, na mwaka 2013 ikapatikana nyingine ya jina hilohilo kisiwa cha Manda kule Lamu. Magazeti yakaandika ushahidi wa Zheng He umepatikana. Mimi ningepunguza sauti kidogo, sarafu ni kitu cha kutembea, inaweza kushikwa na Mchina leo, kesho iko kwa mfanyabiashara wa Calicut, na mwaka unaofuata inaangukia Manda bila Mchina yeyote kukanyaga pale. Kama kuna meli ilizama Lamu na mabaharia wakaoa huko Pate kama wazee wanavyosimulia, basi tuitafute kwenye safari za baada ya 1417, usiipachike kwenye mwaka wa twiga.

Ukiwa Malindi mjini nguzo ya da Gama na yale makaburi ya mnara karibu na msikiti wa Juma haviko mbali, unaweza kuvitembelea vyote kwa siku moja.